Kabureta Haikushindwa na Jua

Gari la zamani likizima mchana wa Februari kwenye foleni ya Ubungo, hukumu hutolewa kabla boneti haijafunguliwa: kabureta. Utaisikia hukumu hiyo Gerezani jijini Dar es Salaam, utaisikia Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, na utaisikia kwa abiria wa kiti cha nyuma ambaye hajawahi kushika spana. Magari ya kabureta, wanasema, hayawezi joto la kwetu. Yalitengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi na zama zake zimepita. Itoe kabureta, weka nyingine. Ikishindikana, liuze gari kwa kilo ununue la EFI.

Naandika kuipinga hukumu hiyo kwa sababu inapeleka kwenye mizani ya vyuma chakavu magari ambayo bado yana miaka mingi ya kutembea, na kwa sababu inawafanya watu wenye kipato kidogo walipie matengenezo yasiyotengeneza kitu. Dai langu ni hili: mengi ya magari hayo yalitoka kiwandani yakiwa na kinga dhidi ya joto. Kinga hizo zimetolewa kwenye gereji zetu, moja leo na nyingine mwakani, hadi gari likabaki uchi. Kisha lawama zote akabebeshwa asiyehusika.

Wanachosema, kwa ukamilifu wake

Tuwatendee haki wenye maoni hayo, kwa maana si wajinga. Wanasema gari la kabureta hutegemea pampu dhaifu inayoendeshwa na injini. Wanasema mafuta hukaa kwenye bakuli lenye tundu la hewa, juu kidogo tu ya chuma chenye moto. Wanasema petroli ya leo inauzwa kwa kuzingatia magari ya nozeli, yaani EFI, ambayo pampu yake imekaa ndani ya tangi na kusukuma mafuta kwa mgandamizo wa ba 3 hivi. Na mafuta yaliyobanwa kiasi hicho hayachemki kirahisi. Wanaongeza kwamba mafundi walioijua kabureta wamezeeka au wamefariki, na vijana wamejifunza kusoma kompyuta.

Katika maelezo hayo siwezi kukana hata sentensi moja. Ninachokana ni hitimisho, kwamba kwa hiyo gari haliponi. Hitimisho hilo halitokani na maelezo, na kila dawa inayotolewa kwa kulitegemea huongeza ugonjwa.

Kwanza: magonjwa mawili yanatibiwa kama mmoja

Petroli si kitu kimoja kama maji. Ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, na kila kimoja kina joto lake la kuchemkia. Vile vyepesi kabisa huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hadi 40 za Selsiasi. Vizito huchelewa hadi karibu na nyuzi 200. Chini ya boneti, gari linapotambaa kwenye foleni ya mchana, nyuzi 70 si jambo la ajabu. Kwa hiyo petroli kuchemka ndani ya gari la zamani si ubovu wa kipekee wa gari hilo. La kuuliza ni moja: inachemkia wapi?

Ikichemkia kwenye bomba kabla ya kufika kwenye pampu, injini inakosa mafuta. Pampu ya magari haya ina utando wa mpira unaosukumwa na kamshafti. Imeundwa kusogeza kimiminika, na mvuke ukijaa ndani yake, utando hubana na kuachia mvuke uleule bila kupeleka kitu mbele. Gari linakatakata, linapoteza nguvu mlimani, linazima. Angalia pia pampu ilipo: iko mbele kwenye injini, ilhali tangi liko nyuma. Inavuta mafuta kwa urefu wote wa gari, na kuvuta hupunguza mgandamizo ndani ya bomba. Mgandamizo ukipungua, kimiminika huchemka mapema. Ndiyo sababu maharage hukawia kuiva Nairobi kuliko Mombasa: hewa ya Nairobi ni nyepesi, maji yake huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na sufuria haifikii moto wa pwani. Petroli inafuata kanuni hiyohiyo.

Sasa chukua Land Rover ya petroli inayotoka Ruaha Mbuyuni, kwenye bonde la joto kali, na kuanza kupanda Kitonga nyuma ya lori lenye shehena ya kwenda Zambia. Injini inadai mafuta mengi, hivyo pampu inavuta kwa nguvu zaidi. Mwendo ni wa kutambaa, hivyo upepo hautoshi kupoza chochote. Na kila kona inayopandwa inapunguza mgandamizo wa hewa. Mambo matatu yanakutana kwenye bomba moja la mafuta, na hakuna hata moja kati yake lililotokea ndani ya kabureta.

Ugonjwa wa pili hutokea gari likiwa limesimama. Umefika salama, umezima injini, umeingia dukani. Feni imesimama na maji hayazunguki tena, lakini manifoldi ya ekzosi bado ina moto mkali, na moto huo hauna pa kwenda ila juu. Unalifikia bakuli la kabureta. Petroli iliyomo inachemka, inapanda kwenye jeti na kumwagikia kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Ukirudi baada ya robo saa, gari linanuka petroli na halitaki kuwaka. Injini hii haijakosa mafuta. Imezama ndani yake.

Gari lenye ugonjwa wa kwanza linahitaji mafuta, lenye wa pili linahitaji hewa. Hata hivyo nenda gereji yoyote ueleze mojawapo, utapewa jibu moja na bei moja. Dereva wa ugonjwa wa pili anatakiwa akanyage pedeli hadi chini, aishikilie hapo bila kuipigapiga, kisha apige stata hadi hewa ifagie petroli iliyozidi. Karibu kila mtu hufanya kinyume: hupigapiga pedeli, na kila pigo hurushia injini mafuta mengine. Petroli hiyo huosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka hadi kwenye sampu. Ukichomoa kipimo cha oili ukasikia harufu ya petroli, jua ringi zinalika. Siku ya kufungua injini ikifika, mwenye gari ataambiwa injini imechoka kwa uzee, naye atalipa.

Kuhusu kabureta yenyewe, gari linapokuwa mwendoni, kifaa hicho ni miongoni mwa vitu baridi zaidi chini ya boneti. Petroli inapogeuka mvuke kwenye koo la kabureta hunyonya joto kutoka kwenye chuma kinachoizunguka. Marubani wa ndege ndogo zenye injini za pistoni hufundishwa kuhofia barafu inayoganda ndani ya kabureta hata hewa ya nje ikiwa na nyuzi 20, na ndege hizo huwekwa mkono maalumu wa kuipasha moto. Kifaa kinachoweza kugandisha barafu katika hali ya hewa ya Arusha hakiwezi kuwa chanzo cha joto. Kinapokea joto la wengine.

Pili: barabara zetu zimekwisha kutoa ushahidi

Anayesema kabureta haikuumbwa kwa ajili ya Afrika Mashariki anafuta kumbukumbu ya barabara za Afrika Mashariki. Joginder Singh alishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1965 kwa Volvo PV544, kisha mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alishinda mwaka 1973 kwa Datsun 240Z. Yote hayo yalikuwa magari ya kabureta, yakikimbizwa kutoka joto la pwani hadi baridi ya nyanda za juu.

Nitajibiwa kwamba hayo yalikuwa magari ya mashindano, yameandaliwa. Ni kweli, na maandalizi ndiyo hoja yangu. Lakini tuyaache hayo, tuitazame Peugeot 504 ya kubebea abiria, ile ndefu yenye safu tatu za viti, iliyofanya kazi ya teksi ya masafa marefu nchini Kenya. Ilipita Voi na Mtito Andei mchana wa jua kali, imejaa watu na mizigo hadi juu ya paa, leo, kesho na keshokutwa. Kama joto la Tsavo lingekuwa linaua kabureta, biashara hiyo isingedumu msimu mmoja.

Jua la Voi halijabadilika kiasi cha kueleza tofauti kati ya gari lile na hili linalozima leo. Kilichobadilika ni gari.

Tatu: kinga zilivyotolewa

Hapa ndipo penye kiini cha ugomvi wangu, na nitakaa.

Kati ya kabureta na manifoldi, kiwanda kiliweka kipande cha bekalaiti, kinene kuliko gasketi yoyote. Kazi yake ni kuzuia moto wa manifoldi usipande kwenye bakuli. Fundi anapofungua kabureta, kipande hicho mara nyingi huwa kimepinda au kimepasuka na kinavuta hewa, kwa hiyo hukitupa na kuweka gasketi ya karatasi aliyoikata kwa mkasi. Gari linawaka, halivuti hewa tena, kila mtu ameridhika. Kuanzia siku hiyo kabureta imekalia chuma cha moto moja kwa moja.

Chini ya kabureta, kwenye injini ambazo manifoldi ya hewa na ya ekzosi ziko upande mmoja, kama zile za Land Rover za zamani na Corolla nyingi za miaka ya 1970, kulikuwa na bati la kukinga joto. Bati likichoka hulialia. Mwenye gari analalamikia kelele, fundi analing'oa, kelele inakwisha. Nimeyaona magari mengi ya aina hiyo, na yaliyobaki na bati lake ni machache mno.

Kisha kuna bomba la kurudisha mafuta. Pampu nyingi za magari ya Kijapani zina midomo mitatu: ya kuingizia, ya kutolea, na ya tatu ndogo inayorudisha tangini mafuta yaliyozidi pamoja na mvuke wowote uliojitengeneza. Huo mdomo wa tatu ndiyo dawa ya kiwandani ya ugonjwa tunaoulalamikia. Mafuta yanayozunguka hayakai mahali pa moto kwa muda mrefu, na mvuke unapata njia ya kutokea. Sasa fungua boneti za magari hayo leo. Mdomo wa tatu umezibwa kwa boliti na kufungwa klipu, kwa sababu bomba lililokwenda nyuma lilioza kwa kutu na mwenye gari aliambiwa si la lazima. Gari lilipunguziwa uwezo wa kujitibu, na aliyelipunguzia alilipwa.

Bomba la kuleta mafuta nalo lilikuwa la chuma, limefungwa kwenye chesisi mbali na ekzosi. Likioza, hubadilishwa kwa mpira wa kununuliwa kwa mita, unaopitishwa panapopitika kirahisi. Na panapopitika kirahisi ni karibu na injini, mara nyingi juu yake kabisa. Mpira huo si daima ule wa petroli. Unalainika kwa joto, unabonyea pampu inapovuta, na baadaye unapasuka juu ya manifoldi yenye moto. Magari yanayowaka kando ya barabara hayawaki kwa sababu ya uzee.

Kwenye kifuniko cha chujio la hewa cha magari mengi ya Ulaya na Japani kuna swichi au alama mbili: kiangazi na baridi. Ikiwa kwenye baridi, injini huvuta hewa iliyopashwa moto na ekzosi. Gari lililoingizwa nchini likiwa limewekwa kwenye baridi hubaki hivyo maisha yake yote, maana hakuna anayeigusa. Kugeuza swichi hiyo hakugharimu shilingi hata moja.

Halafu thamostati. Kuitoa kumekuwa kama kawaida ya gereji, kwa imani kwamba maji yakipita bila kizuizi injini itapoa zaidi. Kwenye injini nyingi thamostati ina kisahani cha chini ambacho, inapofunguka, huziba njia ya mkato ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta. Asubuhi injini inachelewa kupata moto na kula petroli. Mlimani mchana inapata moto kupita kiasi. Ongeza hapo ngao ya plastiki ya feni iliyovunjika na kutupwa, na taimingi iliyochelewa inayopeleka moto kwenye ekzosi badala ya kwenye pistoni.

Gari likishafanyiwa yote hayo linaletwa mbele ya fundi mwingine, naye anatangaza kwamba kabureta haiwezi joto. Anauza kabureta mpya ya kuiga, yenye jeti zisizo za injini ile, na kuifunga palepale juu ya gasketi ya karatasi. Wanaoamini kwamba gari liliundwa kwa ajili ya baridi wanapaswa watueleze kwa nini Toyota iliweka kwenye baadhi ya Land Cruiser FJ60 feni ndogo ya umeme isiyo na kazi nyingine ila kupuliza kabureta baada ya injini kuzimwa. Aliyeliunda gari alilijua joto. Aliyekata waya za feni hiyo ndiye hakujua.

Nne: maji yanapewa sifa isiyo yake

Kila dereva wa siku nyingi anaijua tiba ya maji. Gari linazima, unamwagia pampu maji, au unaifunga kitambaa kibichi, unasubiri, unawasha, unaondoka. Tiba inaonekana kufanya kazi, na kwa ugonjwa wa kwanza inaweza kweli kusaidia, kwani kupoza pampu kunageuza mvuke uwe petroli tena. Lakini hakuna anayetenganisha maji na kusubiri. Gari likisimama nusu saa, kila kitu chini ya boneti kimepoa, na vipo vitu vingine vinavyokufa kwa joto na kufufuka kwa ubaridi.

Koili ni mfano mkubwa. Waya wa ndani ukiwa na ufa, hutanuka kwa joto na kukata umeme. Ukipoa hushikana tena. Kondensa ya platini hufanya vivyo hivyo. Tundu la hewa la kifuniko cha tangi likiziba kwa vumbi, tangi hujenga mvuto ndani hadi pampu isiweze kuvuta. Ukisimama, hewa hupenya polepole na gari huwaka. Matatizo haya matatu yana dalili zilezile za mafuta kuchemka, na yote matatu yatapona kwa dakika za kusubiri ambazo sifa zake zitapewa maji. Kesho yake gari litazima tena. Mwenye gari atanunua pampu, kisha kabureta, kisha atakata tamaa, ilhali kosa liko kwenye koili aliyoipita kila mara.

Ukaguzi wa kweli hufanywa papo hapo, gari likiwa bado limegoma na bado lina moto. Toa plagi moja mbali na kabureta, uitazame kama inatoa cheche. Fungua kifuniko cha tangi usikilize kama kinavuta pumzi. Toa chujio la hewa, vuta mkono wa mafuta uangalie kama petroli inaruka kooni mwa kabureta. Ikiruka, injini haijakosa mafuta. Na tusidanganywe na filta ya kioo iliyojaa nusu. Filta nyingi nzima hukaa nusu siku zote na gari linakwenda vizuri. Uangalizi huo wa muda mfupi ungeokoa pesa nyingi, lakini unahitaji mtu afikiri wakati jua linampiga, na kuilaumu kabureta ni rahisi zaidi.

Kuhusu kumwagia maji manifoldi yenyewe ili kabureta ipoe haraka, nasema wazi kwamba ni uharibifu. Chuma cha kalibu kikiwa na moto mkali kikamwagiwa maji baridi, huweza kupasuka.

Tano: petroli ya siku hizi

Hoja hii ina ukweli mwingi kuliko nyingine, na ndiyo sababu inatumiwa vibaya zaidi.

Wapo wanaosema magari haya yalianza kuugua petroli ya risasi ilipoondolewa. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiacha, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 zilikuwa zimeiacha. Risasi ilikuwa ikizuia injini kugonga na ikilinda vikalio vya valvu. Haikuwekwa ili kuzuia petroli isichemke. Anayetaka kuilaumu petroli kwa kuchemka aziangalie sehemu zake nyepesi, ambazo hupimwa kwa mgandamizo wa mvuke kwenye nyuzi 37.8. Marekani hushusha kiwango hicho kisheria kila kiangazi. Ethanoli nayo ikichanganywa kwa asilimia 10 hukipandisha. Huo ni mjadala wa maana, na tungeupeleka kwa wanaopanga viwango vya mafuta yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa, tungekuwa tumefanya jambo.

Badala yake tunasikia kwamba gari linachemsha mafuta kwa sababu petroli imechanganywa na mafuta ya taa. Uchakachuaji ni wizi na umetuumiza kweli. Kenya ilifikia kuweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuuvunja nguvu. Lakini mafuta ya taa ni mazito kuliko petroli na yanachemka kwenye joto la juu zaidi, kuanzia nyuzi 150 hivi. Yakichanganywa kwenye petroli, gari litagonga, litatoa moshi, litagoma kuwaka asubuhi. Kuchemkia kwenye bomba si dalili yake. Mtu anayetoa sababu hiyo hajaichunguza hata mara moja, na bado anachukua pesa kwa kuitoa.

Sita: pampu ya umeme iliyofungwa ovyo

Dawa inayosifiwa kuliko zote ni pampu ya umeme. Kwa nadharia ni sahihi: ikikaa karibu na tangi, inasukuma badala ya kuvuta, na bomba lote linakuwa na mgandamizo. Katika gereji zetu, hata hivyo, pampu hiyo mara nyingi hufungwa mbele, pembeni ya injini, mahali ilipokuwa ya zamani. Hapo inavuta kutoka nyuma vilevile, ndani ya joto lilelile, na sasa inakula umeme.

Mbaya zaidi ni kufunga pampu ya gari la nozeli. Kabureta inataka mgandamizo wa ba 0.2 hadi 0.3 hivi. Pampu inayotoa mara kumi ya hapo huishinda sindano ya bakuli, na petroli inafurika juu ya injini. Fundi akiona mafuriko hayo husema, kwa mara nyingine, kwamba kabureta ni mbovu.

Pampu ya zamani ilikuwa na sifa moja ambayo hakuna anayeitaja inapotupwa: injini ikizima, nayo inasimama. Gari likipinduka, mafuta yanakoma. Pampu ya umeme iliyounganishwa moja kwa moja na swichi ya funguo huendelea kusukuma petroli kupitia mpira uliokatika, kwa muda wote ambao funguo haijazimwa, na dereva aliyejeruhiwa hawezi kuifikia. Kuna wanaokwenda mbali zaidi, wakaondoa pampu kabisa na kuweka kidumu cha petroli ndani, kwenye kiti cha mbele, chenye mpira unaopita dirishani hadi kwenye kabureta. Watu wamelizoea jambo hili kiasi cha kuliita ujanja wa safari. Ni moto uliowekwa pembeni ya abiria, na anayeliruhusu gari la namna hiyo litoke gereji ana dhima ya kitakachotokea.

Yapo magari yanayostahili pampu ya umeme, hasa yanayopanda milima kila siku au ambayo bomba lake halina namna ya kupita mbali na moto. Kwa hayo, pampu iwe ya mgandamizo mdogo, ifungwe nyuma, chini ya usawa wa tangi, iwe na filta mbele yake, fyuzi yake na rilei yake, na ikatwe na swichi ya mgandamizo wa oili ili injini ikizima isimame. Mdomo wa kurudisha mafuta uzibuliwe na kupewa bomba lake. Kwa pampu iliyofungwa hivyo sina ugomvi na mtu. Lakini hata hiyo haitamsaidia mwenye gari linalogoma kuwaka baada ya kuegeshwa, kwa sababu mafuta yake yanachemkia ndani ya bakuli, mahali ambapo pampu imekwisha kumaliza kazi. Huyo anahitaji kurudishiwa bekalaiti na bati lake, na bati hilo fundi bati yeyote analikata siku hiyohiyo.